Sisi bila mimi: dola la kutisha linamnyang'anya mtu nini hasa?

Mleta mada:
Wakuu, kuna zile riwaya za madola yanayomsaga mtu mpaka anabaki ganda. Wachambuzi husema kinachopotea humo ni ubinafsi, wakimaanisha ile hali ya mtu kuwa yeye mwenyewe. Neno hilo linanikwama kooni. Kwetu mbinafsi ni yule anayejifungia ndani akila peke yake. Ukimwambia shangazi yangu kwamba serikali fulani imefuta ubinafsi, atauliza wanasajili wapi wanachama.

Mimi nasema kinachopotea ni sitara. Chukueni "Sisi" ya Mrusi Yevgeny Zamyatin, iliyotoka New York kwa Kiingereza mwaka 1924; kwao haikuchapwa mpaka 1988. Watu wana namba, hawana majina. Msimulizi ni D-503. Nyumba zote za vioo. Kila tonge hutafunwa mara 50, mji mzima kwa mpigo mmoja (nilicheka, kisha nikanyamaza). Pazia hushushwa saa ya kulala na mwenzako tu, tena kwa tikiti ya rangi ya waridi. Mtu huyo hana hata pembe moja ya kujikosea bila kuonekana. Mwisho anapasuliwa kichwa, njozi zote zinaondolewa, halafu anamtazama mwanamke aliyempenda akiteswa na moyo haushtuki.

Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, na Gilead, lile dola la riwaya ya Margaret Atwood "The Handmaid's Tale" (1985), utaiweka wapi? Kule wanawake wa kuzalishwa wamefunikwa gubigubi, nguo nyekundu, kofia nyeupe yenye mbawa usoni. Nguo za kufunika zimejaa tele! Lakini msimulizi anaitwa Offred, yaani "wa Fred", jina la bwana mwenye nyumba. Akihamishwa, jina linabaki kwa atakayekuja. Mimi kama mwanamke nakwambia kufunikwa si kusitirika. Tatizo ni jina, pazia ni la baadaye.

Mleta mada:
Hapo umenibana, dada. Ila jina lake la zamani bado analo. Analificha kama mali iliyofukiwa, akitumaini siku moja atarudi kuifukua, na hata sisi wasomaji hatutajii waziwazi. Kama hiyo si sitara, ni nini?

Mchangiaji wa pili:
Nyote wawili mnampa mtu ngao ya karatasi. Winston, mhusika mkuu wa riwaya ya George Orwell "1984" (ilitoka 1949), alikuwa na sitara yake: kipembe cha chumba ambacho runinga ya kuchungulia watu haikukifikia. Akakaa pale akaandika daftari la siri, na juu ya jalada akaweka chembe ya vumbi jeupe ili ajue likiguswa. Akiwa kifungoni ndipo anang'amua kwamba polisi wa mawazo walimtazama miaka 7. Daftari walilisoma. Na ile chembe ya vumbi waliirudisha palepale alipoiweka.