Mikono imegoma kunyooka tangu juzi. Nikandwe au niendelee na jimu?

Kiwiko Kigumu: Wakuu, heshima kwenu. Nimeanza jimu wiki hii. Tangu juzi viwiko vyote viwili vimebaki vimejikunja, nikivinyoosha naona nyota. Jumamosi nasimamia harusi. Nikandwe kwa nguvu, au nishike ndoo ya maji mikono ijinyooshe yenyewe?

Bamia Chungu: Vijana mnavimbisha mikono ili iweje? Jembe mnalikimbia.

Nondo za Uswazi: Mkao wa kushikia glasi huo mkuu, ukumbini utapendeza.

Mchua Viungo: Ndoo weka chini. Msuli huvuta tu, hausukumi, ndiyo maana mkono una jozi. Traisepsi, nyuma, huvuta ncha ya kiwiko na mkono ukanyooka. Wakati huohuo baisepsi, mbele, hupokea amri kutoka uti wa mgongo ilegee. Yako imevimba na kukakamaa, hairefuki hata ikiamriwa. Ulifanya zoezi gani?

Kiwiko Kigumu: La kawaida tu.

Mchua Viungo: Taja uzito na idadi.

Kiwiko Kigumu: Dambeli kilo 10, seti 10 za 12 kila mkono. Mwenzangu ananiinulia, mimi nashusha polepole. Kuinua ni baisepsi, kushusha ni traisepsi, kwa hiyo nilikuwa najenga nyuma. Sioni kosa hapo.

Mchua Viungo: Dambeli hushuka kwa uzito wake, halihitaji traisepsi kulivuta chini. Anayelizuia lisidondoke ni baisepsi ileile, imekaza huku inarefushwa, na kazi ya namna hiyo huchana nyuzi za msuli kuliko kuinua. Tena imejishikiza sentimita 4 hivi kutoka kwenye kiungo, wakati kiganja kiko kama 35. Kiwiko kikiwa pembe mraba, kilo 10 mkononi zinadai mvuto wa zaidi ya kilo 80. Wewe umefanya mara 120! Ukipona, shika mkono wa juu kwa mkono wa pili: bonyeza meza kwa kiganja, nyuma patakaza, isukume kutoka chini yake, mbele patakaza. Traisepsi jenga kwa pushapu, au lala chali, dambeli kando ya sikio, nyoosha kwenda juu.

Shahidi wa Mbali: Chai hii. Viwiko vimegoma halafu anachapa aya nzima?

Nondo za Uswazi: Hata mimi nimeshtuka 😂

Mchua Viungo: Simu hushikwa kiwiko kikiwa kimekunjwa, na misuli ya kukunja vidole iko chini ya kiwiko. Inawezekana kabisa. Mleta uzi, mkojo una rangi gani?

Kiwiko Kigumu: Hiyo inahusiana na nini?

Mchua Viungo: Jibu.

Kiwiko Kigumu: Kama soda nyeusi, tangu asubuhi. Ni kiu tu. Nimeshameza diklofenaki na maumivu yamepungua, sasa hospitali ya nini?

Mchua Viungo: Msuli ukichanika sana humwaga protini yake kwenye damu, na figo ndizo zinazoichuja. Diklofenaki inazibana figo hizohizo. Acha dawa, usikandwe, nenda sasa wapime mkojo, kreatinini (ya kuangalia figo), potasiamu na kreatini kinesi (ya kuangalia msuli ulivyochanika). Vidole vikifa ganzi au mkono ukikaza kwa uvimbe, hiyo ni dharura nyingine.

Kiwiko Kigumu: Nitapita jioni nikitoka kazini.

Mchua Viungo: Siyo jioni. Na ukifika usiseme "mkono unauma" ukapewa sindano ya maumivu. Anza na mkojo, kisha taja diklofenaki ngapi na saa ngapi.