Rola kosta ya Qiddiya imekwama wapi? Nisubiri, au niende zangu Abu Dhabi?

Mwalimu_Jang'ombe (mleta uzi) – Septemba 2025

Asalaam alaykum wadau. Mnaonijua mnayajua maradhi yangu. Utotoni skukuu ikifika, wenzangu wakitoka Mnazi Mmoja wameshika aiskrimu, mimi nimeng'ang'ania pembea mpaka senti ya mwisho. Sasa mwanangu wa kwanza ana miaka 14 na kayarithi yote. Kariakoo ya hapa Unguja ameshapanda kila kinachozunguka, Tibirinzi pia tulipokwenda Pemba, na anasema anavijua kwa sauti hata akifumba macho.

Shemeji yangu yuko Muscat, katukaribisha. Kutoka kule nataka nimpandishe rola kosta ya kweli, lile gari la reli linalopanda na kushuka kwa kasi, lakini mfuko wangu unaruhusu safari moja tu.

Kuna Formula Rossa ya Ferrari World, bustani ya michezo kule Abu Dhabi. Ipo tangu 2010, inafika kilomita 240 kwa saa kwa sekunde kama tano, na wa mbele wanavaa miwani wasije wakala mchanga kwa macho. Halafu kuna hii Falcon's Flight ya bustani ya Six Flags Qiddiya City, nje ya Riyadh: mita 195 kwenda juu, reli zaidi ya kilomita 4, mwendo kilomita 250 kwa saa. Ikifunguliwa haina mpinzani kwa urefu, kwa kimo wala kwa mbio. Ikifunguliwa! Walipoitangaza 2019 walituambia 2023. Tumesubiri, 2023 ikapita, 2024 ikapita. Mwaka huu video za majaribio tunaziona, gari linazunguka bila mtu, tarehe kamili hatupewi.

Kimekwama nini pale? Na mngekuwa nyinyi, tiketi mngekata ya wapi?

---

Fundi_Malindi

Mwalimu, magurudumu hayo. Usitafute mbali.

Mimi natengeneza foklifti za umeme za ghalani. Gurudumu lake ni chuma kilichovishwa poliyurethani, plastiki ngumu kama ukwato, na gurudumu la rola kosta ni ndugu yake baba mmoja mama mmoja. Ukitaka kuona linavyokufa, njoo wiki ya mwisho ya Shaabani, tende na mchele vinashushwa usiku na mchana. Halianzi kuharibika kwa nje. Joto linajikusanya ndani, pale plastiki ilipogandishwa na chuma. Unaligusa kwa mgongo wa kiganja, unahisi uvuguvugu tu, unasema hili bado lipo. Asubuhi unakuta plastiki yote imebanduka, imelala pembeni kama ganda la chungwa lililomenywa na muuza machungwa hodari, halijakatika hata mahali pamoja.

Na hiyo ni foklifti ya kilomita 15 kwa saa. Wao wanataka 250, karibu mita 70 kila sekunde. Tuseme gurudumu lina kipenyo cha sentimita 40: linazunguka mara 55 kwa sekunde moja, limebeba gari na watu, kwenye jua la Riyadh. Tazameni Top Thrill 2 ya Cedar Point kule Marekani. Imefunguliwa Mei 2024, imefanya kazi kama wiki moja, ikafungwa msimu mzima. Magurudumu!

Nenda Abu Dhabi.

---

Upepo_wa_Paje

Fundi, umeangalia chini tu. Angalia na juu.

Mimi nafundisha kaiti ufukweni, lile tiara kubwa linalomvuta mtu juu ya maji. Kusi ikivuma, mwanafunzi amesimama mchangani anasema upepo leo mdogo, na kaiti yake mita 20 juu inamburura kama ng'ombe wa gari aliyeona majani. Hiyo ni mita 20. Sasa chukua jabali la Tuwaiq, ndiko reli hiyo ilikopita, jangwa tupu mbele yake, gari linapanda mita 195. Likikutana na upepo wa uso linapoteza mwendo, na likipoteza mwendo kabla ya kilele linarudi kinyumenyume. Nani atasaini karatasi ya kupandisha watu kabla hajajua upepo wa kila mwezi pale?

---

Zamani_Ghuba

Dada Upepo, upepo unafunga siku. Haufungi miaka miwili. Na kabla hajaja mwengine wa kusema mchanga: Formula Rossa imejengwa kulekule kwenye mchanga na imedumu.

Nimefanya kazi miaka minne kwenye bustani moja ya Ghuba, jina nabaki nalo, upande wa mitambo. Kinachokula muda ni kompyuta na kuithibitisha. Reli inagawiwa vipande, na gari haliingii kipande mpaka lililotangulia limetoka. Kila breki na kila kihisio (sensa) lazima uione ikifanya kazi, halafu uione ikikataa kufanya kazi, uhakikishe mtambo umejua. Unakata umeme makusudi gari likiwa njiani. Unaandika. Unalirudisha, unakata tena mahali pengine. Reli ya kilomita 4, zidisheni wenyewe.

Vitini wanakaa midoli ya plastiki waliojazwa maji, uzito wa mtu mzima. Tulikuwa na mmoja tukimwita Abdalla. Alikuwa na tundu kwenye goti, kila akishuka kiti kimelowa, mgeni akiona anadhani mtu kajisahau kwa hofu. Tukamziba kwa gundi ya mabomba, akaendelea na kazi. Nilipoondoka bado wanamtumia.

Tena kuna jambo watu hawalijui. Gari hilohilo, reli hiyohiyo, asubuhi linakwenda pole kwa sababu grisi na magurudumu bado baridi. Saa nane mchana limeshapata moto, linakimbia zaidi. Lazima ujue mwisho wa pole na mwisho wa mbio. Riyadh usiku wa Januari unataka koti, Julai joto linafika nyuzi 45. Huwezi kuipima ile kitu kwa mwezi mmoja ukasema umemaliza.

---

Mama_Nasra

Mwanangu Mwalimu, kama unakwenda Saudia basi anza na umra. Siku hizi viza ya umra inakuruhusu kuzunguka mpaka Riyadh. Mabembea baadaye. Usije ukaanzia kwenye mabembea ukafika Makka shingo imepinda.

---

Mwalimu_Jang'ombe

Shikamoo Mama Nasra. Nimelipokea, na mke wangu kalipokea zaidi, kanisomea ujumbe wako kwa sauti mara mbili.

---

Mpemba_wa_Wete

Nimewasoma wote. Kila mmoja ameshika mguu mmoja wa ng'ombe na anauza nyama nzima.

Kwanza hesabu ya nazi. Chukua mnazi wa mita 195 (hata kwetu Pemba haupo, msije mkaniuliza). Dondosha nazi, hewa isiwepo kabisa. Inafika chini ina kilomita kama 223 kwa saa. Wao wanataka 250. Maana yake kushuka jabali peke yake hakutoshi, hata reli isingekuwa na msuguano, lazima gari lisukumwe. Na kusukuma huko wametumia sumaku, si ile winchi ya Formula Rossa inayoendeshwa kwa shinikizo la mafuta. Kwa hiyo Mwalimu, ingawa kampuni iliyozitengeneza ni moja, Intamin, usizilinganishe kama vile ya pili ni ya kwanza iliyoongezwa kilomita kumi. Nguvu ya mwendo inapanda kwa mraba: kutoka 240 hadi 250 unaongeza asilimia 8 na ushei. Breki zote zinaubeba huo ushei.

Lakini sidhani kama kilichochelewesha ni hicho. Rola kosta haifunguliwi peke yake jangwani kama genge la muhogo. Pale wanajenga bustani nzima, michezo zaidi ya ishirini, na nje ya bustani mji mzima wenye jina la Qiddiya. Barabara, umeme, maji, vyoo, wafanyakazi wa kufundishwa. Katikati ya 2019 na 2023 kukapita corona, mmeshaisahau? Mtambo unaweza kuwa tayari, ukakaa unasubiri vyoo.

Mimi naweka kilo mbili za halua ya Wete: milango itafunguliwa kabla ya mwaka huu kwisha.

---

Fundi_Malindi

Boksi zima la tende kutoka kwangu kama itafunguliwa. Halua naipenda yenye lozi.

---

Mama_Nasra

Hiyo ni kamari.

---

Mpemba_wa_Wete

Hasha, Mama. Ni zawadi, ila haijajulikana nani atampa nani.

---

Binti_Mkunazini

Nawasomea kutoka Uingereza, huku nimepanda nyingi na nimesimama foleni nyingi zaidi. Fundi, kidogo nikurekebishe: kuhusu Top Thrill 2, Cedar Point walitangaza kwamba mtengenezaji, Zamperla, anahitaji muda wa kurekebisha magari yake. Magurudumu ndiyo wanayosema mashabiki, na huenda wamepata, lakini tusiyatie mdomoni mwa wenyewe. Ilirudi mwaka huu wa 2025.

Naona kwenye uzi huu tunachanganya vitu viwili. Kuna kuchelewa kabla ya kufungua, na kuna kufungua halafu ukafunga. Iron Gwazi ya Busch Gardens Tampa, Marekani, ilitakiwa ianze 2020, corona ikaingia, watu wakaja kuipanda Machi 2022. Miaka miwili! Na ilipofunguliwa watu waliipanda na kuisifu, hakuna aliyeuliza tena kuhusu 2020. Sasa weka pembeni yake Hyperia ya Thorpe Park ya huku Uingereza, mita 72, Mei 2024: imefunguliwa kwa shangwe, mara ikafungwa, ikaja kufunguliwa tena. Na baba yao wote ni ring°racer ya Nürburgring, Ujerumani. Ilijengwa 2009, mtambo wake wa hewa ya kubana ukaripuka kwenye majaribio mwaka huohuo, wakahangaika nayo mpaka 31 Oktoba 2013 ndipo ikabeba abiria. Tarehe 3 Novemba ikafungwa, basi. Siku nne.

Kwa hiyo kuchelewa kwa Qiddiya hakunitishi. Kinachonitisha ni wewe Mwalimu kukata tiketi ya wiki ya kwanza. Miezi ya mwanzo unalipia nauli ya kwenda kutazama reli. Mimi mwenyewe, bustani moja ambayo siitaji, nimekaa foleni saa mbili na robo na mdogo wangu, tumebakisha watu wanane mbele yetu, gari likasimama kwenye breki za mwisho na kipaza sauti kikasema samahanini. Mdogo wangu alikuwa ameshatoa hereni kazitia mfukoni.

Ningekuwa wewe: mwaka huu Abu Dhabi, Qiddiya isubiri hata mwaka mzima baada ya kufunguliwa.

---

Upepo_wa_Paje

Mimi namuunga mkono Binti. Na Abu Dhabi msiende kiangazi, mtoto atayeyuka kwenye kuegesha gari kabla hajafika getini.

---

Zamani_Ghuba

Binti kasema, lakini kuna upande mmoja kausahau. Mtoto wa miaka 14 leo anataka kupanda na baba yake. Wa 16 atataka kupanda na wenzake. Mwalimu, hilo nalo litie kwenye hesabu.

Halafu ukifika Formula Rossa omba kiti cha mbele hata kama foleni yake ndefu. Kiti cha nyuma utaona kisogo cha mtu kwa kilomita 240.

---

Mwalimu_Jang'ombe

Hapo kwenye miaka 14 na 16 umenigusa pabaya, Zamani.

Basi nimeshaamua: Muscat, halafu Abu Dhabi, Desemba skuli zikifunga. Qiddiya nitaiangalia kwenye simu kama nilivyozoea. Mama Nasra, umra tumeipanga na mama yake watoto, peke yake, bila kuichanganya na kitu.

---

Mpemba_wa_Wete – Januari 2026

Naufufua uzi. Six Flags Qiddiya City imefungua milango tarehe 31 Desemba 2025. Fundi, boti ya Pemba unaijua inapofunga. Boksi liandikwe jina langu kwa herufi kubwa.

---

Fundi_Malindi

Tarehe 31! Siku ya mwisho! Huko ni kabla ya mwaka kwisha, au ndio mwaka wenyewe unakwisha? Na ilifunguliwa saa ngapi? Maana kama ni baada ya magharibi, kwetu sisi huo ni usiku wa tarehe mosi.

---

Mpemba_wa_Wete

Tuliwekeana mwaka wa Miladia, usinihamishie kalenda njiani. Tende, Fundi. Laini, zisiwe zile za kuvunja meno.

---

Fundi_Malindi

Nitaleta. Lakini kuhusu magurudumu sirudi nyuma, tuonane kiangazi.

---

Binti_Mkunazini

Mwalimu, lete habari za Abu Dhabi! Mtoto amelia au amecheka?

---

Mwalimu_Jang'ombe

Hatujaenda.

Nauli nilikuwa nayo, ruhusa nilikuwa nayo, shemeji kashaandaa chumba. Wiki mbili kabla nafungua kabati natoa pasi yangu ya kusafiria, naikuta imekwisha tangu mwezi wa kumi. Nilimwambia mwanangu safari imesogezwa mbele kidogo. Akaniuliza, "Tarehe kamili lini?"