Dodoma na watoto wadogo: Chinangali, Nyerere Square, bwawa la hoteli au Hombolo?

MamaPacha_Ilazo

Habari za jioni wadau wa Dom. Tulihamia hapa Februari, uhamisho wa baba watoto, tukitokea Tanga. Nina pacha wa miaka mitatu na nusu na dada yao wa miaka saba. Tanga Jumamosi haikuwa na mjadala, ni ufukwe wa Raskazone na ndoo za mchanga mpaka jua lizame. Huku kila Ijumaa usiku nabaki kuwaza. Gari hatuna, tunatembea kwa bajaji na daladala. Nimezunguka kiasi na kuulizia, nikabaki na sehemu nne. Naomba wenyeji mnisahihishe.

Nyerere Square ndiyo rahisi kufika, iko katikati ya mji, na ukibeba maji na vitafunwa vyako hutoi zaidi ya nauli. Mkubwa wangu anaipenda kwa sababu ya sanamu ya Mwalimu, kila tukienda ananiuliza swali jipya juu yake. Lakini sehemu kubwa ni sakafu na barabara zimeizunguka. Pacha wakikimbia kila mmoja upande wake, moyo wangu unakimbia katikati.

Chinangali Park ina nyasi, ina michezo ya watoto, ina nafasi. Hapo naweza kutandika kitenge nikakaa dakika kumi bila kusimama, na kwa mama wa pacha hizo ni nyingi.

Tatu ni mabwawa ya kuogelea ya hoteli. Watoto watatu, mimi, na chakula cha pale pale, hesabu inapanda haraka. Nimeenda mara moja tu. Nne ni Hombolo, ambako sijafika. Jirani anasema kuna bwawa kubwa na samaki wabichi, ila ni kama kilomita 40 kutoka mjini.

Mngeanzia wapi, na kwa nini?

MzeeWaKikuyu

Karibu sana Dodoma, mwanangu. Nimekaa hapa tangu mji huu unaitwa makao makuu kwenye karatasi tu, wajukuu wangu sita wamekulia hapa. Umeorodhesha mahali ukasahau saa. Dodoma mtoto anatolewa nje asubuhi mpaka saa nne, halafu tena kuanzia saa kumi. Katikati hapo jua la huku halina unyevu wa pwani uliouzoea, mtoto hatoki jasho la kuonekana, unadhani yuko salama kumbe amekauka. Ukienda Chinangali saa saba utasema ni pabaya. Nenda pale pale saa kumi na nusu, utadhani ni mahali pengine.

Na sasa ni Julai. Upepo huu wa jioni unabeba vumbi, nao unakata. Mtoto avae sweta jua likishaanza kushuka, hata kama mchana alikuwa amevua shati.

BabaNeema_Kisasa

Mama Pacha, mimi nitapingana na wengi. Sehemu bora ya kuwapeleka watoto Dodoma kwa sasa ni stesheni ya SGR, ile reli mpya ya treni ya umeme.

Nasema hivyo kwa sababu binti yangu ana miaka mitano na hajawahi kufurahi kama siku tuliyopanda treni kwenda Morogoro kurudi. Basi linakula saa nne na zaidi, mtoto anatapika, anachoka, na wewe unachoka mara mbili. Treni ya umeme inakwenda mpaka kilomita 160 kwa saa, mtoto anasimama dirishani, anahesabu mibuyu. Halafu mkifika milima ya upande wa Kilosa mnaingia kwenye mahandaki. Giza ghafla, mwanga ghafla. Neema alipiga kelele za furaha behewa zima likacheka naye. Mwezi mzima alikuwa anachora handaki.

Moro mkifika kuna mito midogo inayoshuka milima ya Uluguru, kuna kijani ambacho huku mwezi huu hakipo kabisa. Jioni mnarudi.

Gharama ni kweli si ya kila wikiendi. Ila huduma ya Dar mpaka Dodoma ilipoanza 2024, daraja la kawaida lilikuwa shilingi 31,000 kwa safari nzima, na Moro iko njiani, kwa hiyo unalipa pungufu ya hapo. Watoto nao hawalipi kama watu wazima, angalia viwango wakati wa kukata tiketi. Wekeni akiba mwende mara moja kwa mwaka. Ningechagua hiyo kuliko bwawa la hoteli mara tano.

Muuguzi_Makole

Naomba nizungumzie Hombolo kabla hujapakia ndoo za mchanga.

Kwenda kuangalia maji, kula samaki, kupunga upepo, nenda, pazuri. Kuingiza watoto majini, hapana. Mabwawa yetu haya yasiyotembea ndiyo makazi ya konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Kimelea hakihitaji mtoto anywe maji, kinapenya ngozi akiwa amesimama tu maji yakiwa kwenye vifundo. Dawa ipo na inatibu vizuri, lakini watoto wengi huletwa hospitali wakati mkojo umeshaanza kuwa na damu. Mtoto wa Tanga amezoea kwamba maji ni ya kuingia. Hapo ndipo ninapokuogopea wewe hasa. Mwambie kabla hamjatoka nyumbani, usimwambie mkiwa ukingoni.

Bwawa la Mtera vilevile, kama mtapita njia ya Iringa. Huko ongeza mamba na viboko. Simameni, nunueni samaki, endeleeni na safari.

Jamaa_wa_Area_C

Hamjazitaja "garden" za nyama choma zenye bembea pembeni. Familia nyingi za hapa wikiendi ndiyo huko. Baba anapata mishikaki yake, mama anapumzika kupika, watoto wanacheza. Kwa mtu asiye na gari ni rahisi, ziko kila mtaa.

Mama_Watatu_Nkuhungu

Kaka wa Area C, nilikuwa nafikiri kama wewe. Mwaka jana mwezi wa kumi tulikuwa kwenye moja ya hizo, saa nane mchana. Ile ya kuteleza ilikuwa ya bati, imekaa juani tangu asubuhi. Mwanangu wa miaka miwili na nusu alikuwa na bukta fupi. Aliungua paja, malengelenge mawili ukubwa wa shilingi mia mbili. Sisi wazazi tulikuwa meza ya nne kutoka pale, muziki uko juu, hatukusikia kilio chake mpaka mtoto mwingine alipokuja kutuita.

Simlaumu mwenye eneo, mimi ndiye niliyemwacha. Lakini tangu siku hiyo nina utaratibu: naweka kiganja changu juu ya chuma, nahesabu mpaka kumi. Nikishindwa kuhesabu, hapandi. Na meza yangu lazima iwe mahali ninapoona miguu yao. Kama meza ya hivyo haipo, naondoka, hata kama nyama imeshaagizwa.

Jamaa_wa_Area_C

Pole sana dada. Umenifanya nifikirie tunavyokaaga. Sisi huwa tunaenda jioni, lakini kuhusu muziki na umbali wa meza umesema kweli tupu.

MwalimuWaAwali_Miyuji

Mimi nafundisha watoto wa miaka minne na mitano. Kila Jumatatu nawauliza walifanya nini wikiendi, na majibu yao ni tofauti na wazazi wanavyofikiri. Mtoto aliyepelekwa hotelini anasema "nilikunywa soda". Aliyebaki nyumbani na babu yake anasimulia nusu saa jinsi walivyomtafuta kuku aliyetaga kichakani.

Kwa pacha wa miaka mitatu na nusu, nitakupa kitu ambacho hakipo kwenye orodha yako: korongo la mchanga. Dodoma imejaa makorongo ambayo tangu Mei hayana tone la maji. Mchanga ni safi, laini, umejaa tele, nao watoto wako wa Raskazone wanaujua mchanga. Chagueni lililo karibu na makazi, mkague kwanza chupa zilizovunjika na miiba, mwende saa kumi na moja jioni na vijiko na makopo. Wangu wa darasani nikiwapeleka huko hawagombani kabisa, kwa sababu hakuna bembea moja ya kugombewa na watu ishirini.

Sharti ni moja na halina mjadala. Kuanzia Novemba mpaka Aprili msikanyage. Mvua ikinyesha milimani, huku kwenu jua linawaka, maji yanashuka ghafla na yanabeba mtu mzima.

MzeeWaKikuyu

Mwalimu amesema jambo kubwa. Nami niongeze maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, maana zimebaki wiki chache. Viwanja vya Nzuguni, tarehe 1 mpaka 8 Agosti. Mtoto wa mjini anaona ng'ombe wa maziwa, mbuzi, sungura, samaki kwenye matangi, mashamba darasa ya mtama na alizeti, vyote siku moja. Msiende tarehe 8 yenyewe, umati ni mkubwa na wageni wa kitaifa wanakuja. Nendeni tarehe 2 au 3 asubuhi. Kila pacha aandikwe namba ya simu yako mkononi kwa kalamu ya wino.

MamaPacha_Ilazo

Shikamoo mzee wangu, na asanteni wote. Muuguzi, umenishtua, maana ndoo nilikuwa nimeshaziosha. Mwalimu, kuna korongo nyuma ya mtaa wetu, nilikuwa naliona kama shimo la takataka tu. Nitalikagua.

Swali: huyu mkubwa wa miaka saba anachoshwa na kasi ya pacha. Kuna cha kwake peke yake?

BabaNeema_Kisasa

Mpelekeni Kolo. Michoro ya miambani ya Kondoa iko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006, na sisi wa Dodoma tunaipita tukienda Arusha bila kusimama. Unaanzia ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, unapewa mwongozaji, mnapanda kwenye miamba. Twiga, swala, watu wenye vichwa vya ajabu, kwa rangi nyekundu. Miaka saba anaelewa. Pacha waacheni na baba yao, kupanda kule na mtoto mgongoni ni mateso. Kutoka mjini ni zaidi ya kilomita 170, kwa hiyo ni safari ya siku nzima, si ya kuamka tu.

Binti_Mgogo

Mbukwenyi! Nimesoma yote nikasubiri mtu ataje zabibu. Watu wanahamia Dodoma, wanakula zabibu za barabarani, wanaondoka bila kuona mzabibu.

Kwetu ni njia ya Mpunguzi. Huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, karibu Machi na tena Agosti kwenda Septemba, kwa hiyo mmekaribia. Mzabibu ni mfupi, vichala vinaning'inia usawa wa uso wa mtoto wa miaka mitatu. Ni tunda linalomkuta alipo, habebwi ili alifikie. Anashika kikapu chake, anakatiwa kichala, anakiweka mwenyewe. Wapwa zangu siku ya mavuno hawataki hata kuitwa kula.

Msiingie shamba la mtu hivi hivi. Fika, salimia, omba, na nunua kilo kadhaa kwa bei atakayosema mwenyewe, usimkazie sana. Mkulima amepambana na ndege na ugonjwa wa ubwiri unga miezi yote. Uliza pia lini alipulizia dawa mara ya mwisho.

Muuguzi_Makole

Nashukuru kwa hilo la dawa. Zabibu zioshwe kwanza, hata kama mtoto analia. Na kwa pacha: kata kila zabibu kwa urefu, mara mbili, utoe mbegu. Zabibu nzima ina ukubwa wa koo la mtoto wa chini ya miaka mitano, na inateleza. Ubuyu wenye mbegu vilevile, si wa kumpa mtoto anayekimbia.

Mama_Watatu_Nkuhungu

Bwawa la hoteli hakuna aliyelitetea, acha nilitetee kidogo. Julai hii usiende, asubuhi maji ni barafu na mtoto atatoka midomo ya zambarau. Lakini Oktoba na Novemba, joto likiwa juu na vumbi kila mahali, siku moja ya bwawa inaokoa familia. Ulizia kama kuna bwawa dogo la watoto lililotenganishwa na la wakubwa. Kama halipo, mwenye pacha asiende peke yake. Mikono miwili kwa watoto wawili majini ni michache.

MamaPacha_Ilazo

Nimerudi na majibu, ni Jumapili usiku.

Jana jioni tulikwenda Chinangali saa kumi na nusu kama alivyosema mzee. Masweta yalihitajika kweli kuanzia saa kumi na mbili. Mkubwa alipata rafiki wa umri wake, walicheza rede mpaka giza. Niliweka kiganja kwenye kila chuma, nikahesabu.

Leo tulikwenda korongoni. Baba yao alitangulia na reki, akatoa vioo viwili na miiba mingi. Pacha walichimba saa nzima na robo, nikaangalia saa kwa sababu sikuamini. Mmoja aliniuliza bahari imeenda wapi. Nikamwambia hapa maji huja Desemba, na yakija sisi tutayaangalia kutoka juu, mbali.

Nane Nane tutakwenda tarehe 3. Kolo inasubiri mshahara. Binti Mgogo, mwisho wa Agosti tunaweza kuja Mpunguzi? Tutakuwa watano, vikapu tunavyo.

Binti_Mgogo

Mje. Jumamosi ya mwisho, mfike kabla ya saa tatu, vichala vikiwa bado na ubaridi wa usiku. Mama atapika mlenda na ugali wa uwele, niambie tu mapema kama pacha wanakula.