Krismasi Moshi na laki sita mkononi, naanzia wapi kununua?

Mama Junior
Wakuu habari zenu. Mwaka huu tunapanda tena Machame kwa wakwe na sitaki yanikute ya mwaka jana. Mwaka jana nilikurupuka Kariakoo tarehe 22, jua kali, mtoto mgongoni, nikatoka na mifuko minne na pochi nyeupe, nauli ya kurudi Dar nikakopa kwa shemeji na ada ya Januari nikalipa kwa mkopo wa simu ambao nimekuja kuumaliza mwezi wa nne. Sasa hivi ni Oktoba, nina laki sita nje ya nauli. Nguo na viatu watoto watatu, zawadi ya wakwe wawili, halafu kuna watoto wa mashemeji kama nane hivi, ukifika tu wote macho kwenye begi. Mnanishaurije?

Winga Mstaafu
Dada umefanya la maana kuuliza mapema. Mimi nimepiga uwinga mtaa wa Kongo hapo Kariakoo miaka minne, nimeshaacha, so sina cha kuficha. Ukisimama pale unashangaa shangaa kijana akaja "dada karibu, twende dukani kwetu", jua duka sio lake. Anakuingiza, anamkonyeza muuzaji, gauni la elfu 12 linageuka elfu 18, hiyo 6 ni cha juu chake, ukishaondoka anairudia. Wewe unalia lia unapunguziwa elfu 2 unatoka unashukuru 😂. Ingia mwenyewe, uliza duka tatu ndo ufungue pochi.
Halafu kila duka uliza jumla inaanzia pisi ngapi. Kuna wanaoanzia tatu, wengine sita, na wengi hawajali saizi zikichanganywa. Hao watoto nane wachukulie fulana za aina moja kwa mkupuo, na hawatagombana. Njoo katikati ya wiki asubuhi, yule anayefungua biashara hataki mteja wa kwanza atoke mikono mitupu. Desemba ikishafika katikati watu bega kwa bega, nani akubembeleze bei wakati nyuma yako kuna wengine kumi, na vibaka nao wanatafuta Krismasi.

Bint Ilala
Hiyo ya jumla iangalieni vizuri. Mimi nina watoto wawili nikanunua magauni sita kisa bei ya jumla, manne mpaka leo yako kabatini na watoto wameshakua. Tafuta jirani mgawane.
Viatu nenda Karume kwenye mitumba, alfajiri wakifungua balo, bei iko juu kidogo ila unachagua. Jioni ni rahisi sana lakini ni makapi. Kikunje kiatu katikati uangalie soli inapokutana na ngozi, ukiona gundi inang'aa mpya rudisha, hicho hakifiki mwaka mpya. Niliuziwa kimoja hivyo mtoto akaenda kanisani na soli inapiga makofi 🙈

Mangi Mdogo
Shemeji hapo sijaona umetaja chakula ila nawajua watu wa Dar, utabeba mchele na sukari. Sukari inatengenezwa kiwanda cha TPC hapo hapo Moshi, mpunga unalimwa Chekereni na Mabogini, wewe unaubeba toka Dar na kondakta anakudai hela ya mzigo juu. Huku beba nguo tu. Zawadi ya baba mkwe wala usihangaike na mashati, mchangieni mbuzi. Wiki ya Krismasi mbuzi hashikiki maana wote mmepanda kwa pamoja, mnunue sasa hivi akale majani nyumbani, Desemba mnakuta kanenepa.

Mama Junior
Jamani mbuzi sikumuwaza kabisa!! Nimepiga simu sasa hivi, shemeji anasema kuna beberu wa jirani ila hela anaitaka leo leo. Winga asante, Jumatano nitakuja na dada wa jirani tugawane pisi, na mume wangu nimpitie au?

Winga Mstaafu
Mzee muache kazini, wanaume tunakubali bei ya kwanza.

Mangi Mdogo
Na hela ya beberu mtumie mama mkwe. Usimtumie shemeji, Oktoba mpaka Desemba ni mbali, utakuta ngozi imetundikwa ukutani 😂