Skuta ya bodi kubwa au ndogo kwa baridi ya Uyole hadi Isyonje? Naomba ushauri

ParachichiBichi
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu, naishi Uyole, Mbeya, shule yangu iko njia ya Tukuyu, karibu na Isyonje. Nimechoka kugombania kosta alfajiri, kwa hiyo natafuta skuta. Pikipiki ya gia hapana: navaa sketi, nabeba madaftari, na goti langu la kushoto halipendi kukanyaga gia.

Nimebaki na mbili za mtumba. Moja ni Honda Dio ya cc 110, ndogo, bei yake naiweza. Nyingine ni Yamaha NMAX ya cc 155, lile libodi lenye kifua kipana na kioo kifupi mbele. Muuzaji ananiambia hii kubwa "hausikii baridi kabisa". Ni kweli? Maana tofauti ya bei ni karibu mshahara wote. Baridi ya Juni na Julai ya huku mnaijua, na Isyonje ukungu uko muda wote.

Naomba kuwasilisha.

Kiazi_Mviringo
Nunua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, uweke na hita. Tumemaliza uzi.

FundiMafiati
Mwalimu, muuzaji kasema nusu ya kweli. Skuta yoyote, hata ndogo, inakinga miguu kuliko pikipiki kwa sababu ya ile ngao ya mbele. Tangu Vespa ya kwanza ya mwaka 1946 umbo ni hilohilo: ngao mbele, miguu nyuma yake, injini chini ya kiti. Ngao ya bodi kubwa ni pana, inafunika magoti na kidogo ya mapaja. Ya Dio ni nyembamba, upepo unazunguka pembeni na kukupata gotini. Wewe mwenye goti bovu hilo lizingatie.

Ila kuanzia kiunoni kwenda juu hakuna tofauti kubwa kama watu wanavyodhani. Kile kioo kifupi kinautupa upepo kifuani. Kuna watu wamenunua bodi kubwa wakarudi kwangu wiki ileile kutafuta kioo kirefu.

Na jambo ambalo wauzaji hawalisemi: kwenye pikipiki kama Boxer injini iko mbele ya miguu yako, asubuhi inakupa joto. Kwenye skuta injini iko nyuma, joto lote linabaki barabarani. Usitegemee kuota moto humo.

ParachichiBichi
Asante fundi. Kwa hiyo nikichukua Dio nikaweka kioo kirefu nimemaliza?

FundiMafiati
Kwa upepo, karibu umemaliza. Kwa mlima, bado. Injini hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, na Isyonje iko juu ya mita 2,000. Hiyo cc 110 kule juu inavuta kama cc 90 hivi. Sasa mfungie kioo kirefu, weka na mwalimu na madaftari. Itapanda, lakini malori yatakupigia honi njia nzima.

UpepoWaMakambako
Hapo kwenye kioo kirefu naomba niingilie kati, maana watu wa Mbeya mnajua baridi lakini upepo njooni kwetu.

Bodi kubwa ni tanga la jahazi. Upepo wa mbele inakukinga, sikatai. Upepo wa ubavuni unaikamata bodi yote, na ukiongeza boksi nyuma ya kiti ndiyo kabisa. Lori likikupita, kwanza linakusukuma nje ya barabara, halafu mkia wake unakuvuta ndani. Ukiwa na kioo kirefu na kipana mvuto huo unaingia moja kwa moja kwenye usukani, kwa sababu kioo kimefungwa humo humo. Skuta nyepesi yenye tairi dogo inayumba zaidi.

Angalia matairi kabla ya bodi. NMAX ina rimu za inchi 13 mbele na nyuma. Dio nyingi za mtumba ni inchi 10, ukiingia shimo moja unalisikia mpaka kwenye meno. Zipo pia skuta ambazo bodi imekua lakini tairi halijakua: Burgman Street 125 ile ya mwanzo kwa mbele utadhani mashine kubwa, nyuma ina inchi 10.

mama_Kitanzini
Kamwene jamani. Mimi ni Iringa, naendesha Dio miaka mingi, mpaka Mafinga nafika nayo. Wanaume mnaongelea vioo na rimu, hamjamwambia dada mahali baridi inapoingilia.

Dada, ni vidole. Hakuna bodi ya skuta inayofunika vidole, iwe ndogo au kubwa. Vikishaganda breki unaikamata kwa kuchelewa, hapo si suala la raha tena. Tafuta glavu zisizopitisha upepo, za sufu peke yake ni bure. Fundi akufungie na zile kava za mikono kwenye usukani, ila ujaribu kwanza kuingiza na kutoa mkono haraka, na breki isiguswe na kava.

Halafu shingo. Halafu kifua: bodaboda wanaovaa jaketi kinyumenyume, zipu mgongoni, mimi nilikuwa nawacheka, sasa nafanya hivyo hivyo. Makoti mazito ya mtumba yamejaa hapo Mwanjelwa. Suruali vaa ndani, sketi utashusha ukifika shuleni.

Kingine: NMAX katikati pana nundu, pale chini limekaa tangi la mafuta. Kuweka mguu unavuka kama pikipiki, na begi la madaftari huliweki miguuni. Dio ni flati. Mimi debe la viazi linasafiri pale kila Jumamosi.

ParachichiBichi
Mama, hilo la nundu sikulifikiria kabisa! Ndaga fijo.

Tabibu_Rungwe
Naongeza hesabu kidogo. Hewa ikiwa nyuzi 10 na wewe unakwenda kilomita 50 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kama vile hewa ni nyuzi 5 hivi. Ikiwa nyuzi 5, unaingia chini ya sifuri. Ukitoka 40 kwenda 60, msukumo wa upepo unazidi mara mbili. Kwa hiyo kinga ya bei rahisi kuliko zote ni kupunguza mwendo. Mwalimu, ondoka dakika chache mapema, kengele utaiwahi.

Kiazi_Mviringo
Daktari anamwambia aamke saa kumi za usiku ili asisikie baridi 😂

Tabibu_Rungwe
Nimesema mapema, sijasema usiku. Soma vizuri mkuu.

FundiMafiati
Turudi kwenye kioo. Makambako yuko sahihi kuhusu upana, kwa hiyo usichukue kipana. Urefu wake uishie usawa wa pua au kidevu, macho yapite juu. Ukiangalia barabara kupitia ndani ya kioo, ukungu wa Isyonje na matone ya mvua yakipigwa na taa za lori hutaona kitu. Na usikisafishe kwa petroli, plastiki ile inapasuka nyufa ndogondogo na kuwa nyeupe. Maji na sabuni tu.

Kwa magoti, Italia na Ufaransa wenye skuta wanafunga blanketi maalumu linalofunika kuanzia kiunoni mpaka kwenye ngao. Fundi cherehani yeyote anakushonea: nje turubai, ndani blanketi laini. Lisining'inie karibu na tairi, na miguu iweze kushuka chini mara moja.

Mwamvuli wa bodaboda usithubutu kuuweka kwenye skuta.

UpepoWaMakambako
Na kurudi kwenu mteremko ni mrefu. Skuta haina gia ya kushusha. Usiachie mafuta kabisa mpaka klachi ikaachia, itaserereka. Tumia breki zote mbili, kwa vipindi.

Kura yangu: skuta ya cc 125 yenye sakafu flati na rimu za inchi 12, mfano TVS Ntorq. Ni katikati ya hizo zako mbili, na vipuri vya TVS havisumbui.

mama_Kitanzini
Naunga mkono. Ila jaribu kukaa kwanza, magoti yasiguse usukani unapokata kona.

ParachichiBichi
Nimeelewa. NMAX naiacha, Dio naiacha, natafuta cc 125 ya flati. Pesa inayobaki iende kwenye glavu, kioo na hilo blanketi. Fundi, kioo kinafungwa wapi, inabidi kutoboa bodi?

FundiMafiati
Usikubali mtu atoboe. Kinakaa kwenye matundu ya vioo vya pembeni, na vioo vinarudi juu yake. Ukiipata, njoo nayo hapa Mafiati asubuhi, mchana kuna foleni ya bodaboda.