Naomba ushauri: jiwe la askari wa U.S.C.T., namba ya kikosi imefutika

Wakuu, jiwe la kaburi ni la marumaru, kwenye makaburi ya zamani ya Wamarekani weusi; U.S.C.T. ni United States Colored Troops, vikosi vya askari weusi wa jeshi la Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Ndani ya ngao iliyochongwa kwenye jiwe inasomeka jina, kombania na "U.S.C.T.", namba ya kikosi imelika. Kuvu tunaitoa kwa maji na brashi laini, kutoka chini kwenda juu, uchafu usiache michirizi. Jiki hapana kabisa: huacha chumvi inayomong'onyoa marumaru.

Kinachokwamisha ni namba. Askari wa U.S.C.T. walikuwa kama 180,000, majina yanagongana mno. Nianze na faili za pensheni za wajane, ambako majirani walitoa ushahidi, au orodha za kombania?

Halafu jiwe limeinama: kulishindilia, changarawe au udongo uleule? Saruji msinishauri, hulibana jiwe likakatika.