Gemu ya watoto yenye duka ndani: mhakiki apime mbio peke yake, au na duka pia?

Babu Drifti (mleta mada)

Wadau, naleta hoja, ichaneni mnavyotaka.

LEGO 2K Drive ilitoka tarehe 19 Mei 2023. Wahakiki hawakuitupa, wastani wa alama ukatulia katikati ya sabini kwa mia. Ila hakiki nyingi nilizosoma zinafanana kama zimetoka kwa mwandishi mmoja. Aya baada ya aya ni sifa, kisha karibu na mwisho mtu anakumbuka kulalamikia duka lililomo ndani ya gemu, kisha inakuja alama ambayo haina dalili kwamba lalamiko lile lilihesabiwa popote.

Kwa ambao hawajaigusa: ni mbio za magari ya matofali ya kuchezea ya LEGO, kazi ya Visual Concepts, studio ileile ya gemu ya kikapu ya NBA 2K. Unazunguka Bricklandia, nchi ya kubuni yenye lami, vumbi, mito na maeneo ya mizuka, unashinda mbio hadi ufike kwa mbabe anayeitwa Shadow Z. Ukitoka kwenye lami kuingia vumbini, gari linajigeuza lenyewe kuwa la porini, na ukigusa maji linakuwa boti, hubonyezi kitu. Ukigongwa, matofali yanapukutika. Ukibomoa uzio wa watu njiani, yanarudi. Hapo sina ugomvi na mtu, waliofanya kazi hiyo wanajua kazi.

Ugomvi wangu ni pesa. Ilianza kuuzwa dola 60 kwa mashine za gemu za zamani na dola 70 kwa PS5 na Xbox Series, yaani bei ya gemu kubwa ya watu wazima. Umeshalipa, unaingia, unakutana na Unkie's Emporium, duka la magari, madereva na vikorokoro. Hela ya humo inaitwa Brickbux. Ukishinda unapewa kidogokidogo. Ukichoka kusubiri, unanunua koini kwa hela halisi, unazigeuza kuwa Brickbux, unachukua gari lako.

Kwa mtu wa miaka 30 hilo ni jambo la kupuuzia. Mtoto wa miaka 8 anaishi ndani ya gari analolitaka, na duka kwake ni sehemu ya gemu sawasawa na barabara. Mhakiki mwenye kazi ya kupima gemu ya watoto, halafu akaliweka duka pembeni, amepima gemu nyingine ambayo mtoto hataicheza. Nasema alama ingeshuka, na ishuke sana.

Kona Kali

Mkuu, umeandika vizuri ila umechanganya mizani mbili. Hakiki inajibu swali moja: gemu inachezekaje? Bei inapanda na kushuka, baada ya miezi kadhaa utaikuta nusu bei. Mbio zenyewe hazibadiliki.

Pili, hilo duka unaloliogopa unaona kabisa unachonunua. Hakuna sanduku la bahati nasibu. Hadithi yote unaimaliza bila kutoa senti ya ziada. Zaidi ya hapo kuna gereji ya kuunda gari lako mwenyewe, tofali kwa tofali, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu ya kuinunua gemu hii. Mtoto mwenye gereji analilia gari la dukani kwa nini?

Tatu, mashine zote zina mahali pa kufunga matumizi kwenye akaunti ya mtoto. Mzazi asiyefunga asimtume mhakiki amfungie.

Mama Mapacha

Kona Kali, wewe huna watoto au unao wapole sana. Mimi nimefunga kila kinachofungika. Mtoto wangu hanunui, anaomba. Anaomba asubuhi, anaomba garini, anaomba mbele ya wageni. Kufunga malipo kunazuia hela kutoka, hakuzuii duka kumwonyesha gari analolikosa kila akifungua gemu. Na kwa sababu ni wawili, akipata mmoja ni vita.

Sasa na mimi nina malalamiko yangu kwa hao wahakiki, ila si ya Babu Drifti. Nilitaka kujua kitu kimoja tu, watoto wawili wakikaa kochi moja, kioo kikagawanywa, mchezo unakuwaje? Nikasoma maelezo marefu kuhusu utani wa hadithi (ambao kweli unachekesha, hata baba yao alicheka), kuhusu mwanga na vivuli, kuhusu idadi ya fremu. Kochi likapewa sentensi moja. Jamani, mnaita gemu ya familia halafu mnaicheza peke yenu usiku na vipokea sauti masikioni! Mhakiki aazime hata mpwa wake kwa Jumamosi moja.

Babu Drifti

Mama Mapacha umemaliza. Hilo la kuomba nalichukua, ndilo nililotaka kusema nikazunguka.

Pedi ya Pwani

Salaam kutoka Mombasa. Nawaunga mkono nyote nusunusu, lakini kuna kisa mmekiacha na ndicho kikubwa zaidi.

Juni 2019 ilitoka Crash Team Racing Nitro-Fueled. Mbio za vijigari, rangi tele, ya watoto na wazee waliokua na toleo lake la zamani. Ilikuwa na duka, ila sarafu zake ulizipata kwa kucheza tu. Wahakiki wakaisifu, na walisema kweli, maana walichokiona ndicho kilichokuwepo. Agosti, wiki chache baadaye, Activision, kampuni yenye gemu hiyo, ikaanza kuuza sarafu zilezile kwa hela halisi. Alama zilishatolewa. Matangazo yalishazichukua. Nani alirudi kuzipunguza?

Kwa hiyo nikiwapima 2K, wachapishaji wa LEGO 2K Drive, kwa haki, wao waliliweka duka wazi tangu siku ya kwanza. Mhakiki alikuwa na nafasi ya kulizungumza, na wengine walilizungumza. Mbinu ile ya 2019 ilikuwa mbaya kuliko hii. Nionavyo mimi, gemu yoyote inayouza vitu ndani ihakikiwe mara mbili, siku inapotoka na miezi mitatu baadaye. Hata 2K Drive yenyewe ilianza kuleta misimu yenye pasi za kulipia baada ya kutoka, kwa hiyo hakiki ya Mei haikuweza kujua Desemba itakuwaje.

Kona Kali

Pedi, mfano mzuri lakini naugeuza. Machi 2022 Gran Turismo 7 (GT7), gemu nyingine ya mbio za magari, ilipunguza krediti, yaani hela ya humo, unazolipwa kwa mbio, magari yakawa magumu kuyapata bila kutoa hela. Wachezaji waliishambulia, alama za watumiaji zikaporomoka hadi chini kabisa, na waliotengeneza wakaomba radhi, wakagawa krediti milioni moja kwa kila mchezaji na kurekebisha malipo. Soko lilijisahihisha bila mhakiki kushusha alama yake. Tuamini watu.

Pedi ya Pwani

Watu gani? Waliopiga kelele GT7 ni watu wazima wenye akaunti, muda na hasira. Mteja wa LEGO 2K Drive ana miaka 9, haandiki maoni popote. Anamwambia mama yake tu, na mama yake keshatuambia hapo juu.

Fundi Kibanda

Naona mnabishana duka, duka, duka. Mimi nina kibanda cha gemu, watu wanalipia muda. Kibandani duka halina kazi, hakuna anayenunua gari kwenye akaunti isiyo yake. Nilikaa siku nzima nikiangalia vijana wakiicheza hiyo, na kilichowaondoa ni mbio zenyewe.

Wapinzani wa kompyuta wanabebwa! Umewaacha mbali, umepiga kona zote vizuri, unakaribia mstari, ghafla jamaa yuko ubavuni kama alipanda ndege. Na ukiharibu wewe, wanakungoja. Mwanzoni mtoto anafurahi kwa sababu haachwi mbali. Akishajua kwamba mizunguko miwili ya kwanza haina maana na kila kitu kinaamuliwa mita za mwisho, anaweka pedi ya kuchezea chini anaomba gemu ya mpira. Wahakiki waliliona hilo, wengine waliliandika, ila wakasema ni gemu ya watoto, basi inafaa. Inafaa vipi? Mtoto hadanganyiki kwenye mashindano. Anajua akionewa.

Kwa hiyo Babu Drifti, ukitaka alama ishuke mimi nipo nawe, ila ishuke kwa sababu ya kazi ya barabarani. Duka lisingenisumbua kama mbio zingekuwa za haki.

Mtoza Magari

Nachangia kwa upande wa jirani, Hot Wheels Unleashed, mbio za vigari vya kuchezea. Ni ya Milestone, Waitaliano wa Milan, ilitoka 30 Septemba 2021. Wao walikuwa na masanduku ya kubahatisha, unanunua, unafungua, unapata gari usilolijua. Lakini koini zake ni za kushinda mbioni tu, huwezi kuzinunua kwa hela halisi. Hata hivyo wahakiki walilalamika, maana ulikuwa unakusanya koini kwa jasho halafu sanduku linakupa gari ulilonalo tayari. Toleo la pili lilipotoka 19 Oktoba 2023, masanduku yalikuwa yameondolewa, unachagua gari unalolitaka kwenye duka la koini. Lawama zilifika hata bila alama kushushwa.

Ila msidhani nawatetea kama malaika. Milestone waliuza pasi za magari ya ziada kwa hela halisi vilevile. Na kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa hapa: hizi gemu zote mbili, ya LEGO na ya Hot Wheels, ni katalogi. Kila gari la Hot Wheels Unleashed ni kidude unachoweza kukikuta kwenye rafu ya duka la vitu vya kuchezea, kimechongwa vizuri mpaka mstari wa plastiki unaonekana. Mtoto asipoombea gari la ndani ya gemu, ataombea la nje. Mkitaka mhakiki ahesabu kila kinachomfanya mtoto aombe, basi hakuna gemu ya watoto itakayofika hata hamsini.

Babu Drifti

Mtoza, tofauti ipo. Kidude cha rafuni kinashikika, kinarithiwa na mdogo wake, kikivunjika kinaonekana kimevunjika. Gari la Emporium liko kwenye akaunti, na halitoki humo.

Halafu hili la kusema ni kazi ya mzazi tu, serikali zenyewe zimeanza kulikataa. Ubelgiji mwaka 2018 tume yao ya michezo ya kamari ilisema masanduku ya kubahatisha ya kulipia ni kamari. Marekani, Desemba 2022, Epic Games wenye Fortnite walikubali kulipa dola milioni 520. Katika hizo, milioni 245 zilikuwa za kurudishia watu waliokatwa hela kwa vitufe vya kuchanganya, pamoja na watoto walionunua bila wazazi kujua. Sisemi 2K Drive ilifanya hayo. Nasema namna duka linavyopangwa ni ubunifu, una nia ndani yake, na mhakiki kazi yake ni kuhakiki ubunifu.

Ombi langu nilipunguze: kila hakiki iseme, kwa saa, inachukua muda gani kulipata gari la bei ya juu kwa kucheza tu. Mtu amekaa na gemu wiki nzima, kuhesabu hilo kunamshinda?

Kona Kali

Hilo la saa nalikubali, liandikwe hata kwenye kichwa cha habari. Kuliingiza kwenye alama bado nakataa. Niambieni basi: Mario Kart 8 Deluxe, mbio za Nintendo, kipenzi cha kila nyumba, ilitoka 2017 ikapata alama za juu kabisa. Kati ya 2022 na 2023 wakauza pasi ya barabara 48 za ziada kwa dola 25. Turudi tuzikate alama zake? Na kama hatukati, 2K Drive imekosa nini ambacho Nintendo hawakukosa?

Mama Mapacha

Ile pasi nililipa mara moja. Nilijua napata barabara 48, zikaja zote, na tangu siku hiyo sijaombwa kitu.

Fundi Kibanda

Na kibandani bado inachezwa.